Fonti mbili zenye jina moja si lazima ziwe kitu kimoja

Katika steshenari nyingi za Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igoma, wapo wachapaji wa kadi za harusi na ratiba za mazishi wanaoamini kwamba fonti, yaani faili ya mtindo wa herufi, ikijitokeza mara mbili kwenye kompyuta, nakala zote mbili ni sawa, hivyo yoyote inaweza kufutwa. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa majina hufanana neno kwa neno.

Hata hivyo, jina tunaloliona kwenye orodha limehifadhiwa ndani ya faili yenyewe, na faili mbili zinaweza kubeba jina moja huku zikitofautiana toleo, upana wa herufi au idadi ya alama zilizomo. Hapo ndipo kazi huharibika: kadi iliyopangwa vizuri nyumbani hufunguliwa dukani, herufi zikawa pana kidogo tu, na neno "Nyamagana" lililokaa mwishoni mwa mstari likashuka chini, likiisukuma saa ya ibada nje ya fremu. Kubadilisha jina la faili hakusaidii.

Kuhakiki ni rahisi. Katika Windows, bofya faili ya fonti mara mbili, kisha usome namba ya toleo iliyoandikwa juu. Katika kompyuta za Mac, programu ya Font Book huweka alama ya tahadhari kwenye fonti zinazojirudia na huruhusu kuizima mojawapo bila kuifuta, njia ninayoipendelea sana, kwani mteja wa zamani akirudi na kazi yake, fonti aliyoitumia bado ipo.