Furaha ya Sikukuu Haingoji Mambo Yatulie

Kila msimu wa sikukuu unapokaribia, wengi wanaotufikia kwa ushauri nasaha huwa na swali linalofanana: nitasherehekeaje na kesho siijui? Mmoja anasubiri majibu ya vipimo. Mwingine kazi yake iko shakani. Mwingine ana ndugu aliye kwenye vita, na simu yake haipatikani. Watu hawa hawajakosa shukrani, ila wamebeba mashaka, na mashaka humchosha mtu kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Mwaka 2016 watafiti wa University College London walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya na watu 45. Washiriki walicheza mchezo wa kompyuta wa kugeuza mawe, na kila lilipotokea jiwe lenye nyoka chini yake walipigwa shoti ya umeme mkononi. Msongo wao ulipimwa, pamoja na mambo mengine, kwa jasho na kwa kutanuka kwa mboni za macho. Ulipanda zaidi pale uwezekano wa shoti ulipokuwa nusu kwa nusu. Aliyekuwa na hakika kwamba shoti inakuja alitulia kuliko yule asiyejua kama itakuja au la. Kwa hiyo ukiona usingizi umekupaa na hasira zinakuja upesi katika siku ambazo wenzako wanacheka, usijihukumu kuwa una moyo dhaifu.

Jambo linaloniuma zaidi katika kazi hii ni kuona mtu anaionea haya furaha yake mwenyewe. Amecheka kidogo mezani, kisha anajilaumu: nawezaje kucheka na mama yuko kitandani? Miaka ya 1990 mwanasaikolojia Susan Folkman na wenzake huko San Francisco waliwafuatilia wanaume waliokuwa wakiwauguza wenzi wao wenye UKIMWI, wakati ambapo matibabu yalikuwa haba mno. Mwanzoni mahojiano yaliuliza machungu tu. Washiriki wenyewe ndio waliosema kuwa sehemu muhimu ya maisha yao inaachwa nje. Swali kuhusu mambo mema lilipoongezwa, karibu wote walikuwa na la kusimulia, na mengi yalikuwa madogo: chakula kilichopikwa vizuri, rafiki aliyepita kuwajulia hali, neno jema kutoka kwa mtu. Majonzi yao hayakuwa yameondoka. Furaha ilikaa pamoja nayo, na ilikuwa sehemu ya nguvu iliyowawezesha kuamka na kuuguza tena. Kicheko chako, basi, hakimsaliti mgonjwa wala marehemu. Kipokee.

Tumaini nalo lina kazi yake. Mwanasaikolojia wa Marekani C. R. Snyder alieleza, katika maandiko yake ya mwaka 1991 na baadaye, kwamba mwenye tumaini ana lengo, anaona njia za kulifikia, na ana msukumo wa kuzifuata. Ninapenda maelezo haya kwa sababu yanampa mtu pa kuanzia. Usijiwekee lengo la sikukuu isiyo na dosari. Chagua jambo moja ambalo likifanyika utaridhika, labda kukaa na watoto jioni nzima bila simu, au kumsikia ndugu aliye mbali. Kisha tafuta njia mbili. Safari ikishindikana, mpigie. Mtandao ukisumbua, mwandikie ujumbe mrefu ausome akipata nafasi.

Fedha ikipungua, sema mapema. Watoto huhisi hofu ya wazazi hata isipotamkwa, na ukweli mfupi unaolingana na umri wao huwatuliza kuliko ukimya. Usikope ili kulinda sura. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 na mwanasaikolojia Elizabeth Dunn na wenzake ulionyesha kuwa waliopewa dola 5 au 20 wazitumie kwa ajili ya wengine walimaliza siku wakiwa na furaha kuliko waliojinunulia vitu, na ukubwa wa kiasi haukuleta tofauti.

Kwa aliyefiwa, sikukuu ya kwanza huwa ngumu mno. Ana haki ya kuja, kuondoka mapema, au kutokuja kabisa. Wenyeji wasiogope kumtaja marehemu kwa jina. Mara nyingi mfiwa anatamani mtu amtaje.

Kuna hali zinazohitaji zaidi ya faraja ya jamaa. Huzuni au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda kukidumu wiki mbili au zaidi, huku kukivuruga usingizi, kula au kazi, huenda ni sonona, nayo inatibika. Mtu akikuambia amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Mkiwa pamoja, usimwache peke yake, weka mbali vitu anavyoweza kujidhuru navyo, na mpeleke kwenye huduma ya dharura siku hiyohiyo, hata ikiwa ndiyo siku ya sikukuu.