Tiketi ya Shirika Moja, Ndege ya Jingine: Usajili Safari Wapi Mtandaoni?

Maswali mengi tunayopokea kutoka Mtwara, Masasi na Lindi yanafanana. Mtoto aliyeko Marekani au Ulaya amemkatia mzazi tiketi na kuituma kwa WhatsApp. Siku moja kabla ya safari, kijana wa steshenari anaingia kwenye tovuti ya shirika lililoandikwa juu kabisa ya tiketi, anajaza jina na namba, tovuti inajibu kwamba safari hiyo haiwezi kusajiliwa (kufanyiwa check-in) hapo. Mzazi anaanza kuamini kuwa mwanawe katapeliwa. Mara nyingi tiketi ni halali kabisa. Kijana amebisha hodi nyumba ya jirani, basi.

Kila shirika la ndege lina msimbo wa herufi mbili: Air Tanzania ni TC, Precision Air PW, Kenya Airways KQ, Ethiopian ET, KLM ni KL na Delta ya Marekani ni DL. Mashirika yenye makubaliano huuziana viti, kila moja likiweka msimbo na namba yake kwenye safari ileile. Ndege ni moja na rubani mmoja, ila namba zinaweza kuwa mbili, tatu au zaidi. Ndiyo maana ubao wa matangazo pale uwanja wa Julius Nyerere hubadilisha namba mbele ya macho yako huku saa na lango vikibaki vilevile.

Tuseme tiketi imenunuliwa kwa Delta, kutoka Dar es Salaam hadi Minneapolis kupitia Amsterdam, na kila kipande cha safari kina namba inayoanza na DL. Delta hairushi ndege kutoka Dar. Kipande cha kwanza kinarushwa na mshirika wake, KLM, na KLM ndiyo itakayopima mzigo wako, kukupa kiti na kukuita langoni. Kwa hiyo usajili wa mtandaoni nao unafanyika kwa KLM. Tovuti ya muuzaji wakati mwingine itakuhamishia huko yenyewe, wakati mwingine itakuacha umeduwaa.

Mwenye ndege hutajwa kwenye tiketi, ila kwa maandishi madogo chini ya namba ya safari, baada ya maneno “Operated by”. Yasome kwa kila kipande, kwa sababu kipande cha kwanza kinaweza kuwa cha shirika moja na cha pili cha jingine. Kanuni ni kuanza na shirika linalorusha kipande cha kwanza. Likiweza, litakupa bodingi pasi za safari nzima. Lisipoweza, ya pili utaichukua kule unakobadilishia ndege, na hilo si tatizo.

Kinachowakwamisha wengi zaidi ni namba ya kumbukumbu, ile ya alama sita, herufi na tarakimu, ambayo mawakala huiita PNR. Mashirika mawili yanaweza kutumia mifumo tofauti ya kompyuta, na kila mfumo huipa safari yako PNR yake. Ukiingiza PNR ya Delta kwenye tovuti ya KLM, huenda isitambulike. Jaribu namba ya tiketi badala yake, ile ya tarakimu 13. Tovuti nyingi huikubali. Tarakimu zake tatu za mwanzo zinamtaja aliyetoa tiketi (006 ni Delta, 074 KLM, 071 Ethiopian, 706 Kenya Airways), na huyo ndiye wa kumwendea ukitaka kubadili tarehe. Kama karatasi yako ina PNR peke yake na haina namba ya tiketi popote, ulizia mapema: inawezekana nafasi imeshikwa tu na bado haijalipiwa.

Kwa maoni yangu, wakala anayetoza ada ya huduma na kukupa PNR moja pekee kwa safari ya mashirika mawili hajamaliza kazi yake. Mdai ya pili. Aliyenunua mwenyewe apige simu kwa muuzaji na kuuliza PNR ya shirika linalorusha ndege.

Muda nao ni wa mwenye ndege. Mashirika mengi hufungua usajili saa 24 kabla ya kuondoka, KLM saa 30, Emirates saa 48. Hapa angalia tarehe kwa makini. Ndege ya 00:30 tarehe 15 inaondoka saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 15, kwa hiyo jioni ya tarehe 14 uwe umeshafika uwanjani. Kuna abiria hufika usiku wa tarehe 15, ndege ikiwa imeshaondoka usiku uliotangulia.

Kwa anayetoka Mtwara kuna jambo jingine. Tiketi ya Mtwara hadi Dar mara nyingi hukatwa peke yake, na ikiwa hivyo haihusiani kabisa na ile ya kimataifa. Utaisajili kivyake, mzigo utauchukua jengo la pili la uwanja wa Dar (Terminal 2), kisha utahamia jengo la tatu (Terminal 3) kuanza upya. Ndege ya ndani ikichelewa, shirika la safari ndefu halilazimiki kukusubiri. Mimi ningefika Dar siku moja kabla, hasa kwa mzee anayesafiri peke yake.

Usajili ukikataa hata kwa mwenye ndege, sababu huwa za kawaida: viza inatakiwa ionwe kwa macho, kuna mtoto mchanga, au umeomba kiti cha magurudumu. Nenda kaunta mapema. Jina kuishia na MR au MRS, kama HAMISIMR, si kosa. Herufi zikitofautiana na pasipoti, hilo ndilo la kurekebishwa kabla ya safari. Na ukichapisha bodingi pasi steshenari, futa faili kwenye kompyuta yao, wala usiiweke kwenye status: mwenye PNR na jina lako la ukoo anaweza kuifungua safari yako na kuivuruga.

Mashirika yakianza kurushiana mpira kuhusu mzigo, kumbuka kwamba Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Montreal wa 1999, unaokuruhusu kumdai aliyekuuzia tiketi au aliyekurusha. Malalamiko ya mzigo ulioharibika yawasilishwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu uupokee, na ya mzigo uliochelewa ndani ya siku 21. Kile kistika cha mzigo wanachokubandikia kaunta usikitupe.