Kompyuta kujilogini yenyewe si kuifuta paswedi

"Fundi, nitolee hii paswedi, nataka nikiwasha tu iingie yenyewe." Hapa Mwanjelwa, Mbeya, naambiwa hivyo na wenye steshenari, wa maduka ya dawa, hata makarani wa mashine za mpunga kutoka Mbarali. Ombi lenyewe halina ubaya. Kinachonichosha ni imani kwamba kompyuta ikijilogini yenyewe, basi haina paswedi tena.

Inayo, tena ile ile. Ukibonyeza vitufe vya Windows na R, ukaandika netplwiz (jina la dirisha la akaunti za watumiaji), ukaondoa tiki kwenye kisanduku kinachodai jina na paswedi, Windows inakutaka uandike paswedi mara mbili. Inaihifadhi, kisha inajiandikia kila ikiwaka. Kufuli lipo mlangoni, ila ufunguo umemwachia mlinzi.

Wasioelewa hili huisahau paswedi. Miezi inapita, siku moja mashine inalala, ikiamka inadai paswedi, napigiwa simu kwamba "imejifunga". Wengine wanaifuta kabisa, halafu wananiuliza kwa nini folda walizoshea kwenye mtandao wa ofisi hazifunguki kwenye kompyuta ya pili. Windows, kama ilivyotoka kiwandani, haikubali akaunti isiyo na paswedi kuingia kupitia mtandao. Aliyekaa mbele ya mashine ndiye anayeruhusiwa.

Halafu kuna PIN, ile namba fupi ya kuingilia badala ya paswedi. Netplwiz inataka paswedi ya akaunti, si PIN. Ukiweka PIN inapokea bila kulalamika. Utajua ukiwasha upya, ukikutana na ujumbe kwamba jina au paswedi si sahihi. Ukibadilisha paswedi baadaye ni yale yale, kwa sababu iliyohifadhiwa ni ya zamani. Na kama kisanduku chenyewe hukioni, tafadhali usikimbilie video za kuhariri rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows. Nenda kwenye mipangilio ya kuingia, zima swichi inayolazimisha Windows Hello (kuingia kwa PIN, uso au alama ya kidole) kwa akaunti za Microsoft, ufungue netplwiz upya. Ile paswedi ambayo video hizo zinakuelekeza uiandike kwenye rejista, kwa jina la DefaultPassword, inabaki maandishi ya wazi yasiyofichwa, anaisoma yeyote anayejua pa kutazama.

Eti kompyuta inawaka haraka zaidi? Unaokoa sekunde za kuandika tu. Kama ni nzito, weka SSD, diski ya kasi isiyo na sahani inayozunguka.

Eti umeme ukikatika na kurudi, itawaka yenyewe? Kujilogini kunaanza mashine ikishawaka. Kuwaka ni kazi ya BIOS, programu ya ndani ya mashine inayotangulia Windows: kwenye kompyuta nyingi za mezani kuna kipengele kinachoamua mashine ifanye nini umeme ukirudi, na mara nyingi kimewekwa ibaki imezima.

Eti ofisi ina kufuli, kwa hiyo hakuna neno? Mwizi akiibeba, ataiwasha kwao na kukuta barua pepe yako wazi. BitLocker, ile inayofunga diski kwa siri, nayo haitakuokoa hapo, kwa kuwa inayotegemea TPM (chipu ya kutunza funguo ndani ya mashine) peke yake hujifungua mashine ikiwaka, kisha kujilogini kunammalizia mwizi kazi. Ndiyo maana laptopu inayopanda basi la Iringa au Tunduma siiwekei kujilogini, hata ulipe mara mbili. Ya dukani nafungua akaunti ya pili isiyo na mamlaka ya msimamizi, hiyo ndiyo ijilogini. Ya msimamizi inabaki na paswedi yake, iliyoandikwa kwenye karatasi nyumbani kwa mwenye duka, si chini ya kibodi.