Chini ya Kwimba Hakuna Ziwa la Pili

Kila kiangazi kinapokolea, swali lile lile hunifikia kutoka Kwimba, Magu na Misungwi, na safari hii limekuja kwa herufi kubwa: kisima cha mita 80 kimekauka, kwa nini wataalamu msiongeze mita hadi mkutane na maji ya ziwa? Muulizaji ni diwani mwenye nia njema, na nyuma yake wapo wananchi wengi wanaoamini kwamba Ziwa Victoria limejitandaza chini ya Usukuma wote, na kwamba kinachotutenganisha nalo ni uvivu wa mtambo wa kuchimbia. Nimekwisha kulijibu swali hili kwa ufupi mara nyingi mno, kwa hiyo leo nitalijibu kwa urefu.

Uso wa ziwa uko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vinavyolalamika viko juu zaidi ya hapo. Mto Simiyu humwaga maji yake katika Ghuba ya Speke, wala haujapata kuyatoa huko kuyapeleka bara. Maji ya chini ya ardhi nayo, kwa ujumla, hufuata mteremko huo huo kuelekea ziwani. Ni kweli kwamba ukichimba kwenye mchanga wa ufukweni utapata maji yaliyopenyeza kutoka ziwani. Ukienda mbali na ufuko, kilichopo kati ya shimo lako na ziwa ni mwamba mtupu.

Mwamba wenyewe unaufahamu, kwa kuwa ndio uliolipa jiji la Mwanza sura yake ya mawe yaliyobebana. Graniti isiyopasuka haina mahali pa kuweka maji: vitundu vyake kwa kawaida havifiki hata asilimia moja ya ujazo wake. Maji tunayoyatafuta hukaa katika tabaka la mwamba uliooza, lenye unene wa mita chache hadi makumi kadhaa, na katika mipasuko iliyo chini ya tabaka hilo. Kadiri unavyoshuka, uzito wa mwamba wa juu huibana mipasuko hiyo, ikawa michache na myembamba. Sisemi kwamba kuongeza kina hakusaidii kamwe. Mita za ziada zinaweza kukukutanisha na ufa mkubwa, au zikakuruhusu kuishusha pampu ili shimo lijikusanyie maji usiku kucha. Lakini kisima kinachotoa maji Mei na kukauka kila Oktoba hakijapungukiwa kina. Kimepungukiwa mvua inayozama ardhini, au kilipewa pampu kubwa kuliko uwezo wake. Mara nyingi ukifunua ripoti utakuta majaribio ya upampaji yalifanyika mwishoni mwa masika, wakati tabaka limejaa, na ile namba ya lita kwa saa ikasomwa kijijini kama ahadi ya mwaka mzima. Ongeza hapo kwamba mkandarasi aghalabu hulipwa kwa mita, nawe utaelewa kwa nini hakuna anayekuwa na haraka ya kumwambia mwenyekiti wa kijiji kwamba inatosha.

Kuhusu ubora nitasema moja tu: maji yaliyokaa muda mrefu ndani ya mwamba huyeyusha madini zaidi, na katika maeneo kadhaa ya Shinyanga na jirani zake visima vimekutwa na floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ni kiwango cha Shirika la Afya Duniani.

Sasa niseme yale ambayo ripoti zetu huyafunika kwa grafu nzuri. Kipimo cha ukinzani wa umeme, tunachokitumia kuchagua mahali pa kuchimba, hakioni maji. Huona jinsi ardhi inavyopitisha umeme, na mfinyanzi uliolowa hupitisha umeme vizuri sana bila kutoa hata ndoo moja. Makadirio ya kiasi cha mvua kinachozama hadi kwenye mwamba hubadilika mara kadhaa kulingana na njia uliyotumia, katika bonde lile lile na mwaka ule ule. Tunaweka alama ya kuchimba kwa uhakika mkubwa kuliko tulio nao.

Ndiyo maana napendelea kushughulika na maji ninayoweza kuyapima. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo bati la mita za mraba 50, katika mwaka wa milimita 800, hupokea lita 40,000. Lambo nalo ni jambo jema, ila tunalichimba pana na la kina kifupi kama sinia la kuanikia dagaa. Jua letu hunyonya kama milimita 5 kwa siku, na katika miezi mitano ya kiangazi hizo ni sentimita 75, yaani nusu ya lambo la mita moja na nusu, kabla ng'ombe hajainamisha kichwa. Heri lambo dogo lenye kina kirefu, lililozungushiwa uzio, na birika la mifugo likajengwa nje. Bwawa la mchanga, yaani ukuta unaokatiza mto wa msimu ili mchanga ujae nyuma yake na kuhifadhi maji ndani, huokoa maji zaidi, kwa kuwa jua haliyafikii yaliyo chini kabisa ya mchanga, lakini linahitaji mto unaoleta mchanga mnene wa graniti. Ukilijenga mahali ambapo korongo linashusha udongo mweusi wa mbuga, utajaza tope.

Ziwa lenyewe hufika bara kwa bomba. Tangu 2009 maji ya Ihelele, wilayani Misungwi, yanasukumwa hadi Shinyanga na Kahama, na kila lita hupandishwa kwa umeme ambao lazima ulipiwe. Tena ziwa hilo si ghala lisilojali mawingu: takribani asilimia 80 ya maji yanayoliingia ni mvua inayolinyeshea moja kwa moja. Kati ya 1961 na 1964 lilipanda kwa zaidi ya mita mbili, mwaka 2006 likashuka mno, na mwaka 2020 likafurika kingo zake.

Wanaoniuliza kama mabadiliko ya tabianchi yatatukausha hawapati jibu la kuwaridhisha. Mvua za masika za Afrika Mashariki zilipungua kuanzia miaka ya 1980 hadi miaka ya 2000, ilhali mifumo mingi ya kompyuta inatabiri ongezeko. Mimi husanifu kwa ajili ya yote mawili: akiba ya kuvusha vuli iliyokosekana, na mchirizo wa lambo mpana wa kupitisha gharika bila kuubomoa ukingo.

Mheshimiwa diwani, kabla ya kuomba mtambo, agiza kina cha maji kisimani kipimwe kwa kamba kila mwezi, asubuhi kabla ya pampu kuwashwa, kisha unitumie daftari hilo pamoja na tarehe ya majaribio ya upampaji.