Vua viatu, mzee, nione nyayo

Nilipoanza uuguzi hapa Tabora, mguu ulikuwa kazi ya chumba cha vidonda. Mgonjwa anafika kidonda kimeshanuka, tunaosha, tunafunga, arudi keshokutwa. Aliyekuja kliniki ya kisukari tulimpima sukari, tukampa dawa, akaondoka na viatu vyake miguuni. Chuoni hakuna aliyetufundisha kumvua. Uingereza kuna shahada nzima ya fani hii ya kutunza na kutibu miguu, podiatria, na jina la mtaalamu wake linalindwa na sheria. Mimi nimejifunzia kazini.

Cha kushangaza, maarifa haya mengi yametoka kwenye ukoma, ugonjwa ambao wazee wa Sikonge wanaujua vizuri. Daktari mpasuaji Mwingereza, Paul Brand, alikwenda Vellore, India, mwaka 1946. Watu waliamini nyama ya mwenye ukoma inaoza yenyewe. Yeye akaonyesha kuwa tatizo ni ganzi: mtu anakanyaga msumari, hausikii, anaendelea na safari. Baadaye, akiwa Carville, Marekani, yale aliyojifunza kwenye ukoma yakaingia kwenye miguu ya wenye kisukari, ambayo nayo hufa ganzi.

Kwetu mabadiliko yalikuja miaka ya mwanzo ya 2000, na mradi wa mafunzo ya kutunza miguu ya wenye kisukari, Step by Step, uliosimamiwa na Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam. Nilichokipenda ni kwamba daktari na muuguzi walifundishwa pamoja, wakarudi vituoni wakiwa wawili. Muuguzi aliyesoma peke yake hurudi akakuta hakuna wa kumsikiliza. Nayajua hayo.

Sasa kazi inaanza kabla ya kidonda. Kifaa chetu cha kupimia ganzi ni uzi wa nailoni unaopinda ukishafikia mkandamizo wa gramu 10. Ukipotea (na hupotea!) natumia ncha ya kidole changu: nagusa kidole gumba cha mguu, cha kati na cha mwisho kwa sekunde moja hivi, bila kusukuma.

Juzi alikuja mzee mmoja, mrina asali. Miguu haina shida, alisema, haimuumi hata kidogo. Sentensi hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote. Nikamwambia afumbe macho, aseme "ndiyo" kila nikimgusa. Nikaweka uzi chini ya kidole gumba, ukapinda. Kimya. Nikahamia kwenye shina la kidole, kisha upande wa nje wa wayo.

"Mbona huanzi, mwanangu?"

Nilikuwa nimemaliza mguu mzima.

Chini ya kidole gumba kulikuwa na sugu nene, katikati yake weusi kama wino: damu iliyovilia. Nikachukua katambuga yake, nikaingiza mkono ndani. Kichwa cha msumari kilinikwaruza palepale sugu ilipo. Mjukuu wake akaipeleka kwa fundi nje ya geti, nami nikashika kisu cha kupunguzia sugu.