Mama wa kabichi chotara hana chavua

Mkulima wa Lushoto akiambiwa kwamba mbegu ya kabichi chotara, yaani mseto wa koo mbili, anayonunua dukani imezaliwa na mmea tasa, huuliza hapohapo: sasa mbegu imetoka wapi? Swali la haki. Utasa huo ni wa upande wa dume tu. Ovari ya ua ni nzima, inapokea chavua na kubeba mbegu. Kinachokosekana ni chavua ya ua lenyewe.

Tunautaka utasa huo kwa sababu ua la kabichi ni dume na jike kwa pamoja: stameni 6, viungo vya kiume vinavyotoa chavua, zimeizunguka ovari. Kuzing'oa kwa kibano, ua baada ya ua, ili mmea usijichavushe, kunafaa kwenye majaribio, si kwa mbegu za kuuza. Zamani wazalishaji walitegemea tabia ya kabichi kuikataa chavua yake yenyewe. Tabia hiyo hulegea, na mbegu zisizo chotara zikaingia pakitini. Shambani vichwa havikomai pamoja, na lori la kwenda Tanga mjini halisubiri.

Dawa ilipatikana kwenye figili. Mwaka 1968, Ogura wa Japani alieleza figili zisizotoa chavua. Chanzo kimo kwenye mitokondria, vinu vya nishati vya seli, ambazo mmea huzirithi kwa mama. Miaka ya 1970 watafiti wa Ufaransa waliuhamishia utasa huo kwenye jamii ya kabichi, lakini kloroplasti za figili, yaani sehemu za kijani za seli, zilikuja nao, na mimea ikawa inageuka njano kwenye baridi. Mimea ya namna hiyo ingeteseka sana Usambara mwezi Julai! Baadaye waliunganisha maabara seli za mimea hiyo tasa na za mimea ya kawaida ya jamii ya kabichi, wakachagua mimea yenye kloroplasti za kabichi na utasa wa figili. Njia hii ya kuunganisha seli ndiyo inayofanya baadhi ya vyama vya kilimo hai Ulaya vizikatae mbegu hizi.

Kwenye shamba la mbegu, mistari ya mama tasa hupandwa kando ya baba wa ukoo mwingine, nyuki wakahamisha chavua, na mbegu za kuuza zikavunwa kwa mama peke yake.

Chotara inayozaliwa nayo haina chavua. Kwa alizeti lingekuwa tatizo, maana tunataka punje. Kabichi tunakula majani. Lakini anayeiacha ichanue ili avune mbegu hapati kitu, labda nyuki walete chavua ya sukuma wiki ya jirani, na hapo miche haitafunga vichwa kama ya mwanzo. Kwa maoni yangu, pakiti ingepaswa kumwambia mkulima hivyo kwa Kiswahili, kabla hajalipa.