Kidonda Kisicho na Usaha: Protini Zinazoiwezesha Seli ya Kinga Kutembea

Wengi huuona usaha kuwa uchafu tu. Kwetu sisi tunaochunguza kinga ya mwili, usaha ni ushahidi kwamba neutrofili, aina ya seli nyeupe za damu, zilifika kwenye kidonda zikapambana. Wapo watoto wachache sana ambao vidonda vyao huoza bila usaha, ilhali wakipimwa damu, seli nyeupe ni nyingi kupita kiasi. Seli zipo, ila zimekwama ndani ya mishipa.

Ili itoke mshipani, neutrofili hubiringika juu ya ukuta wa mshipa, hunasa, hutambaa, kisha hujipenyeza katikati ya seli za ukuta huo. Inayonasa ni integrini, protini iliyochomoza nje ya utando wa seli. Watoto wengi wa kundi hili wana kasoro kwenye integrini yenyewe. Wengine wanayo nzima, lakini haishiki kitu. Upande wa ndani wa utando kuna protini za kiunzi, talini na kindilini-3, ambazo huukamata mkia wa integrini na kuiamsha. Talini ndiyo huiunganisha na nyuzi za aktini zinazoisukuma seli mbele. Kiungo hicho kikikosekana, aktini husukuma bure, kama tairi linalozunguka kwenye tope. Aliyekosa kindilini-3 huvuja damu pia, kwa kuwa chembe sahani, zinazogandisha damu, huitegemea protini hiyohiyo.

Nyuma ya seli husahaulika, na kwa maoni yangu ndiko kwenye mambo. Seli inapoelea kwenye damu ni ya mviringo, ina vinyweleo vidogo vinavyoshikiliwa na moesini, protini nyingine iliyo chini ya utando. Ikiguswa na kemikali zinazoiita kwenye kidonda, moesini huachia ndani ya sekunde chache, vinyweleo hunywea, na seli hupata mbele na nyuma. Moesini na protini za utando ziitwazo flotilini hukusanyika nyuma. Panya waliozalishwa bila flotilini-1, neutrofili zao hufika kwa uchache penye uvimbe. Kwa binadamu, ugonjwa wa kasoro ya moesini ulielezwa mwaka 2016. Jini yake iko kwenye kromosomu X, hivyo huwapata hasa wavulana: limfosaiti (aina nyingine ya seli nyeupe) chache, maambukizi yasiyokwisha.

Kitovu kuchelewa kudondoka ni dalili mojawapo ya kasoro za integrini na kindilini-3. Cha mtoto wenu kikipita wiki 3 bila kudondoka, mpelekeni akaangaliwe. Mara nyingi hakuna tatizo. Kikiambatana na maambukizi ya kujirudia yasiyo na usaha, ombeni apimwe wingi wa seli nyeupe, kwani kasoro hizo zikiwa kali, hutibiwa kwa kupandikiza uboho.